Mionzi ya Samaki Isitiwe Gunia Moja na Kinu cha Nyuklia

Sisi watu wa Pwani tulilizoea neno nyuklia kabla ya ndugu zetu wa Ziwa. Kwa miaka kadhaa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, ndiko kulikotajwa kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha kuzalisha stima kwa nyuklia hapa Kenya. Wenyeji wakakataa. Mwezi wa Mei 2024 waandamanaji na polisi walikabiliana, na habari zake sote twazikumbuka. Mwaka uliofuata mazungumzo yakaiacha bahari yakaenda ziwani: kaunti ya Siaya, jirani wa Kisumu, ikaanza kutajwa na Wakala wa Kawi ya Nyuklia, NuPEA, kuwa yenye maeneo yanayofaa.

Leo sitarudia hoja za Uyombo. Nataka kuzungumzia jambo lililojificha nyuma ya mjadala huo, nalo lawahusu wavuvi na wachuuzi wa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia kuliko linavyomhusu waziri yeyote. Kila anapotokea mtu wa kuitetea nyuklia, huja na orodha ya manufaa: mionzi hutibu saratani, mionzi huhifadhi chakula, mionzi huua bakteria kwenye sindano na nyuzi za kushonea majeraha. Yote hayo ni kweli. Lakini msikilizaji aliye barazani huondoka akidhani kwamba ili ayapate hayo ni lazima akubali kinu. Na anayekipinga kinu huondoka akidhani ni lazima ayakatae na hayo mengine. Wote wawili wameuziwa gunia moja lililotiwa vitu viwili visivyolazimika kukaa pamoja.

Msimamo wangu ni huu. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufanywa na mashine inayotumia stima ya kawaida, isiyo na urani wala taka za nyuklia. Watu wa Ziwa waweza kuijadili mashine hiyo leo bila kungoja kinu, na waweza kukikataa kinu bila kuikosa mashine. Lakini hata mashine yenyewe ina nafasi yake katika foleni, na mbele yake wamesimama barafu, maji safi na chanja za kukaushia.

Mwale wa elektroni ni kitu gani?

Mimi si mwanafizikia. Nina diploma yangu ya umeme tu, na hiyo yatosha kueleza jambo hili, kwa sababu kila msomaji wa umri wangu amewahi kukaa mbele ya mwale wa elektroni akitazama mpira. Ikumbuke televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Nyuma ya kioo chake kulikuwa na kifaa kilichorusha elektroni, zile chembe ndogo sana ambazo zikipita kwenye waya twaziita stima. Zilirushwa kwa kasi zikakipiga kioo kwa ndani, kioo kikang'aa, nasi tukaona picha. Ukizima, elektroni haziruki tena.

Mashine ya kiwandani ni ndugu mkubwa wa televisheni ile. Tofauti ni nguvu. Televisheni ilitumia volti elfu ishirini au thelathini hivi. Mashine ya kiwandani huzisukuma elektroni mpaka zifike nguvu ya elektronivolti milioni kadhaa, na kwa chakula kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa ni milioni 10. Bidhaa hupita chini ya mwale ikiwa juu ya mkanda unaotembea, kama mizigo ya uwanja wa ndege. Elektroni zikimpiga bakteria hukata nyuzi zake za urithi, akashindwa kuzaana, akafa. Pakiti haifunguliwi, haichemshwi, haimwagiwi dawa. Kazi ambayo kwa njia nyingine huchukua saa nyingi, hapa ni ya sekunde.

Mashine hiyo huwekwa ndani ya kuta nene za zege, kwa sababu ikiwa imewashwa haifai mtu kuwa karibu nayo. Ikizimwa, mionzi hukatika papo hapo. Mashine za kutibu saratani kwa mionzi zinazotumiwa siku hizi katika hospitali kubwa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: huongeza kasi ya elektroni. Wagonjwa wetu wa Pwani waliotibiwa kwa mashine kama hizo hawakulala jirani na kinu cha nyuklia.

Iko njia ya pili, nayo ni mionzi ya gama inayotoka kwenye madini ya kobalti-60. Hii ndiyo yenye uhusiano na vinu, kwani kobalti hiyo hutengenezwa ndani ya vinu. Haina swichi. Hutoa mionzi usiku na mchana, nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, na yahitaji kulindwa tangu inapoingia nchini mpaka itakapotolewa. Imefanya kazi nzuri duniani kwa miaka mingi na siitukani. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "mionzi", muulize kwanza: ya swichi au ya madini?

Na chakula chenyewe, je, hubaki na mionzi? Hapana. Kile kiwango cha milioni 10 kiliwekwa makusudi ili chakula kisigeuke kuwa chenye mionzi. Mwaka 1980 kamati ya wataalamu wa FAO, IAEA na WHO ilikubaliana kuwa chakula kilichopigwa mionzi hadi kilogrei 10 hakina madhara ya sumu, na mwaka 1983 Codex, lile shirika la viwango vya chakula duniani, likatoa kanuni zake. Kilogrei ni kipimo cha mionzi iliyomezwa na kitu. Vifaa vya hospitali kwa kawaida hupigwa 25.

Radi iliyotiwa adabu

Plazma nayo ni jina geni la kitu kinachojulikana. Ukiipa gesi nguvu nyingi hadi elektroni zikabanduka kutoka kwenye atomi zake, huwa plazma. Mtu wa Kisumu haihitaji kufundishwa: ukanda wa Ziwa, kuanzia Kakamega hadi Kisii, ni katika sehemu za dunia zinazopigwa radi sana, na radi ni plazma. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, yule anayefunika uso kwa kioo cheusi, anafanya kazi na plazma kila siku. Ziko mashine za kukata chuma kinene kwa plazma, ambazo hukata bati kama kisu kinavyokata papai. Hata ile taa ndefu ya msikitini inayopepesa kabla ya kuwaka ina plazma ndani yake.

Radi hii ikitiwa adabu huwa na faida hospitalini. Kuna vifaa vya upasuaji ambavyo haviwezi kutiwa kwenye mtungi wa mvuke wa moto, kama vile kamera ndogo za kutazamia ndani ya tumbo na vifaa vyenye plastiki na nyaya. Mvuke wa nyuzi joto 121 huviharibu. Kwa hivyo huwekwa ndani ya sanduku lisilo na hewa, hutiwa mvuke wa haidrojeni peroksidi, kisha hupitishwa plazma. Katika joto la chini, kwa muda wa saa moja hivi au chini yake, vifaa huwa safi, na kinachobaki ni maji na oksijeni.

Linganisha na gesi ya ethilini oksidi, ambayo ndiyo imetumika duniani kwa miaka mingi kusafisha vifaa visivyostahimili moto. Gesi hiyo huua bakteria vizuri, lakini tangu 1994 imeorodheshwa na shirika la WHO la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mwaka 2024 Marekani ilikaza kanuni zake kwa viwanda vinavyoitumia, kwa sababu ya watu wanaoishi karibu na viwanda hivyo. Muungano wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula tangu 1991, na mwaka 2020 ulianza kurudisha shehena za ufuta kutoka India zilizokutwa nayo. Wauza viungo wa Zanzibar na Mombasa walizisikia habari hizo, kwa kuwa Ulaya haitamuuliza mtu kama karafuu yake ilitiwa dawa na yeye au na dalali.

Yako mengine yanayofanywa na mwale huu wala hatuyajui. Nyaya za stima zisizoyeyuka upesi zikipata moto, na mipira ile ya mafundi inayobana ikipashwa kibiriti, nyingi hupitishwa kwenye elektroni ili plastiki yake ishikane barabara. Kule Daegu, Korea Kusini, tangu 2005 mtambo wa elektroni umekuwa ukisafisha maji ya viwanda vya kutia nguo rangi, uwezo wake mita mchemraba 10,000 kwa siku. Na hapa kwetu Kilifi kuna kiwanda kinachotengeneza sindano za hospitali. Nchi inayotaka kujitengenezea sindano zake ni lazima ijiulize itaziua bakteria kwa njia gani: kwa mvuke, kwa gesi au kwa mionzi. Njia ya nne haijaenea viwandani.

Je, mashine ingewaokoa mbuta wetu?

Sasa twende ufuoni. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Lakini kwenye asilimia hizo 6 ndiko kuliko na mbuta, yule ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sangara, na yeye ndiye aliyewaleta wanunuzi wa Ulaya. Minofu hupanda ndege, na mifupa yenye nyama kidogo, ile inayoitwa mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa kwa wenye ziwa lao.

Biashara hiyo ilipigwa mara tatu mfululizo. Mwaka 1997 Uhispania na Italia zilizuia samaki wa Ziwa kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Mwisho wa mwaka huohuo, mvua za El Niño zilipoleta kipindupindu Afrika Mashariki, Muungano wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji hadi katikati ya 1998, ingawa WHO na FAO zilisema hatari ya kupata kipindupindu kwa samaki hao ni ndogo. Mwaka 1999 ukaja wa tatu: iligunduliwa kuwa kuna wavuvi wanaotumia sumu ya wadudu kuvulia. Uganda ilifunguliwa mwaka huohuo, Kenya ikakaa ikisubiri hadi 2000. Viwanda vya Kisumu vilipunguza watu, na mvuvi aliyekuwa na deni la nyavu akabaki na deni. Hata sisi wa baharini tulipata shida, kwani marufuku huandikwa jina la nchi.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu ni mtihani mzuri kwa mashine. Kesi ya kwanza, salmonela: mwale wa elektroni huiua, hilo halina ubishi. Kesi ya pili, kipindupindu: huua pia bakteria wake, lakini pale tatizo lilikuwa hofu na maji machafu, na mashine haitibu hofu ya mnunuzi. Kesi ya tatu, sumu: mashine haina lake. Sumu haifi, kwa sababu haikuwa hai. Vivyo hivyo sumu ya kuvu ikishaingia kwenye mahindi au samaki wakavu, mwale hauiondoi.

Na hata kesi ya kwanza ina kizingiti. Sheria ya pamoja ya Ulaya ya 1999 imeruhusu kupigwa mionzi viungo na majani makavu ya kukolezea chakula, tena kwa sharti la kuandika kwenye pakiti. Samaki hayumo katika orodha hiyo ya pamoja, isipokuwa nchi chache zilizoachiwa ruhusa zao za zamani kwa bidhaa fulani. Kwa hivyo akija mtu Kisumu akasema "jengeni mashine ili mbuta wapate soko la Ulaya", mwambieni aanze na kuonyesha sheria. Mlango uliofunguliwa ni wa karafuu na pilipili manga. Hilo ni neno la watu wa Unguja na Pemba kulifikiria kuliko watu wa Dunga.

Kanuni za Codex nazo zasema wazi kwamba mionzi haichukui nafasi ya usafi. Samaki aliyeoza akipigwa mwale huwa ni samaki aliyeoza asiye na bakteria. Harufu haitoki.

Omena ndiyo yenye kesi

Mashemeji zangu wako Manyatta Arab, na mmoja wao auza omena Kibuye. Nilipomweleza habari hizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Sasa shemeji, hiyo mashine itanikaushia omena mvua ikinyesha?" Nikamwambia la. Akasema, "Basi hiyo si yangu bado." Neno lake hilo "bado" lina hekima kuliko ripoti nyingi.

Omena, ambayo Tanzania ni dagaa na Uganda ni mukene, huvuliwa usiku kwa taa na kuletwa ufuoni alfajiri. Wanawake huinunua kwa ndoo, huitandaza juani, mara nyingi juu ya nyavu kuukuu zilizowekwa mchangani, na jua likikubali hukauka siku hiyohiyo. Mvua ikija, huoza. Ile iliyopata mchanga na unyevu huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo mali ya mwanamke wa ziwani inapopotelea, na dawa yake ni chanja zilizoinuliwa kutoka ardhini, makaushio yenye paa la plastiki linalopitisha jua, na maji safi ya kusuuzia. Mambo hayo yajulikana. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye makao makuu hapa Mombasa na kituo Kisumu, imo katika kazi hiyo kwa miaka mingi.

Lakini baada ya kukauka, hapo mashine yaanza kuwa na maana. Omena kavu iliyowekwa ghalani huliwa na vidudu vinavyoitoboa hadi ikabaki vumbi, na baadhi ya wachuuzi huipulizia dawa ya wadudu, ile ambayo ingefaa shambani. Wateja wanaila pamoja na dawa hiyo. Mwale wa elektroni huwamaliza wadudu hao kwa dozi ndogo, isiyofika kilogrei moja, bila kuacha chochote ndani ya chakula. Na kwa unga wa omena unaotiwa kwenye uji wa watoto, ambao ukibeba salmonela humpata yule asiye na nguvu za kupigana nayo, dozi kubwa kidogo huua bakteria pakiti ikiwa imeshafungwa.

Hata maumbile yake yaifaa kazi hiyo. Elektroni za nguvu ya milioni 10 hupenya sentimita chache tu kwenye kitu chenye uzito kama wa maji, na zikipigwa pande mbili hupenya zaidi. Mbuta mzima wa kilo ishirini ni mnene mno kwao. Pakiti bapa ya omena ndiyo saizi yao. Kwa hivyo samaki aliyedharauliwa, chakula cha maskini na cha kuku, ndiye mwenye hoja nzuri kuliko yule anayepanda ndege.

Unguja walishatutangulia

Wako watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na Korea, hayatuhusu. Nawarudisha Unguja. Miaka ya tisini ng'ombe wa kisiwa kile walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o. Serikali ya Tanzania na IAEA wakafuga mbung'o kwa wingi mjini Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama hadi wakawa hawazalishi, wakasafirishwa na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja, msitu wa Jozani ukiwemo. Zaidi ya madume milioni 8 waliachiliwa. Majike wa porini waliopandwa nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Wafugaji wa Unguja walinufaika na mionzi, na mpaka leo hakuna kinu cha nyuklia Zanzibar wala Tanga.

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Homa Bay, liko bonde la Lambwe, ambalo wazee wa huko walilihama kwa sababu ya mbung'o na malale yake. Kwa mtu wa Lambwe, habari ya Unguja ni jambo linalomgusa.

Funzo ninalolichukua Unguja ni jingine pia. Mbung'o hawakumalizwa na mionzi peke yake. Kwanza wafugaji walipaka ng'ombe dawa na mitego ya vitambaa ikawekwa, wadudu wakapungua, ndipo madume tasa wakaachiliwa. Kazi ya kawaida ilitangulia, teknolojia ikaja kumaliza. Ziwa nalo lifuate mpango huo.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Mtambo kamili wa kiwandani, pamoja na kuta zake, hugharimu mamilioni ya dola. Wataka stima isiyokatika, na mkazi wa Kisumu na mkazi wa Likoni wote wajua habari ya stima inayokatika. Wataka mafundi waliosomea, na mzigo wa kutosha kila siku, kwani mashine iliyolala ni hasara. Kwa hivyo kujengea ufuo mmoja mashine yake ni ndoto. Penye akili ni mtambo mmoja wa kanda, mjini Kisumu, wenye kupokea omena asubuhi na vifaa vya hospitali jioni. Viungo na dawa za mitishamba vitapata zamu yake. Mji huo una watu wa utafiti, wakiwemo KEMRI pale Kisian, vyuo vikuu viko karibu, na una bandari inayofika Mwanza na Port Bell.

Halafu kuna suala la mwenye mashine. Sote twazijua habari za jaboya, mtindo wa aibu ambao mwanamke hulazimishwa kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Chanzo chake ni kwamba mmoja ameshika mali na mwingine hana pa kwenda. Mashine ikiwa ya tajiri mmoja, na soko likakataa omena isiyopita kwake, tutakuwa tumemwongezea mama yule mlango mwingine wa kubisha hodi. Ikiwa ya ushirika, au ya kaunti yenye bei iliyobandikwa ukutani, ni habari nyingine.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Siaya, Kisumu na Homa Bay, mkiitwa barazani, nendeni na maswali haya. Mnachotuletea ni kinu cha stima au ni mashine ya mionzi? Ikiwa ni mashine, ni ya swichi au ya kobalti, na kobalti ikichoka itapelekwa wapi? Leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, iko wapi? Ripoti ya athari kwa mazingira imeandikwa kwa lugha gani, na nani ameisoma? Nani atakuwa mwenye mashine, na mama mwenye ndoo mbili atalipa shilingi ngapi? Katiba yetu, kifungu cha 35, yawapa haki ya kupewa habari, na kifungu cha 42 yawapa haki ya mazingira safi. Uyombo watu walilalamika kuwa waliambiwa mwisho. Nyinyi mwaweza kuuliza mwanzo.

Na viongozi nao nawaambia, msiitumie omena kama sukari ya kumezesha watu kinu. Kinu kina hoja zake za stima, na kijibu kwa hizo: gharama, maji ya kupoza, taka, usalama wa ziwa linalonywewa na nchi tatu. Kutaja saratani na samaki wakavu katika baraza la kinu ni kumchanganya mtu ambaye mnasema mwataka maoni yake.

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ujio wa mashine ni habari njema ikija kwa zamu yake. Bajeti ya kaunti ikisomwa mwezi wa sita, mwangalieni mwakilishi wenu wa wadi ametenga nini kwa mitambo ya barafu, kwa chanja na kwa mabomba ya maji safi kwenye fuo. Hayo hayahitaji leseni ya nyuklia wala mkopo wa nje. Watu wa Siaya watasema ndiyo au la juu ya kinu, na hiyo ni haki yao, wachukue muda wautakao. Shemeji yangu wa Kibuye hana sababu ya kungoja jibu lao ndipo apate mahali pakavu pa kuanika omena.